Mahakama ya Vitunguu

Glasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kuoshea haitiwi bia baridi. Iache ipoe. Mimi siku yangu ya kwanza sikulijua hilo. Nilizipanga kwenye kaunta zikiwa bado zinatoa mvuke, nikajiona mchapakazi, na Njoro wa kaunta akamimina bia katika ya kwanza. Ilipasuka mkononi mwake mbele ya mteja. Njoro aliangalia mkono, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akasema, "Mathe, hapa tunauza bia, hatuuzi mabomu."

Naanza na hilo kwa sababu ninyi hupenda kuambiwa la maana kwanza. Mjukuu wangu Mkamburi ameanza kazi kwenye baa moja kule Columbia Heights, na yeye na wenzake wameniomba niwaandikie niliyoyajua. Nikiwasemesha Kiswahili mnanijibu Kiingereza, lakini kusoma mnasoma. Mkishindwa, mama zenu wapo. Mimi nilifika darasa la nne, Wundanyi, basi msitafute maneno ya kupamba hapa.

Miaka kumi na mitatu nilikuwa jikoni kwenye baa ya Bwana Temu, Hyattsville. Tulicheka sana mahali pale, na nitawaambia tulivyocheka. Lakini kilichonikalisha chini niandike ni kitu kimoja. Mzee aliyenifundisha kazi alituambia mara tatu kwamba anapotea. Alisema mchana, mbele yetu sote, kwa mdomo wake, na mimi ndiye niliyepaswa kumsikia. Nilicheka. Mara tatu nilicheka nikamwachilia.

Mzee mwenyewe ni Papa Ilunga, mpishi wetu, mtu wa Lubumbashi. Mrefu, mikono mipana kama sinia, na sauti ya chini ambayo hata akigombana ungedhani anakubembeleza. Mimi nilikuja nchi hii kulea wajukuu, binti yangu akiwa muuguzi wa zamu. Wajukuu walipoanza shule nikabaki naangaliana na ukuta wa nyumba ya kupanga, nikatafuta kazi. Bwana Temu aliniuliza, "Mama, umewahi kufanya kazi jikoni?" Nikamwambia, "Wewe umekula kwa nani mpaka ukawa mkubwa hivyo?" Akanipa kuosha vyombo. Papa Ilunga ndiye aliyenitoa kwenye sinki akanipa kisu.

Mambo aliyonifundisha haya hapa, yashikeni.

Kitunguu ukikimenya au ukikikata, mzizi uache mwisho kabisa. Kule kwenye mzizi ndiko kuna ukali. Ukianza na mzizi utalia mpaka wateja waulize nani kafa. Cha kachumbari ukishakikata kifikiche na chumvi, kioshe kwa maji baridi, ukikamue. Mchuzi usiuonje kwa kijiko unachokorogea, dondoshea kiganjani. Kisu kikianguka usikidake, ruka nyuma. Na jiko la gesi usilifunge kwa macho. Kila ukitoka jikoni pitisha mkono juu ya vishikizo vyote, kimoja kimoja, uhisi kwamba kimefunga. "Jicho inadanganya, maman," aliniambia. "Mukono njo haidanganye." Alikuwa anasema hivyo, Kiswahili cha kwao, na mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Halafu nikaacha, maana tulikuwa tunaelewana kuliko wengi wanaosema sawasawa.

Mlevi usimwambie amelewa. Hiyo alinifundisha Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa binti wa Tanga, mhudumu wa meza, Mwislamu, na alipoajiriwa alimwambia Bwana Temu waziwazi: sahani nitabeba, chupa sibebi. Bwana Temu akakubali kwa sababu alijua anachopata. Mtu akizidisha, Mwanaidi alimwendea na bakuli la supu, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, hii imetoka jikoni kwa ajili yako." Mlevi akiona supu anakumbuka mama yake. Anakaa. Anakunywa supu. Nimeona wanaume wakubwa wanashuka hasira kwa supu ya mifupa, na Njoro naye pale kaunta anashukuru Mungu kwamba hakulazimika kushikana na mtu.

Sasa mahakama.

Baa ilifunguliwa saa kumi na moja jioni, lakini sisi tulitakiwa kufika saa tisa na nusu. Saa kumi tulikula pamoja, meza ile ndefu ya karibu na dirisha, kabla mteja hajaingia. Wakati wa kula ndipo kesi zilisikilizwa. Aliyechelewa, aliyevunja, aliyeunguza, aliyempelekea mteja wa samaki sahani ya mbuzi, alisimama mgongo wake kwa kaunta na kushtakiwa. Mwanaidi alikuwa mwendesha mashtaka kwa kuwa ulimi wake ulikuwa na makali. Mimi nilikuwa jaji. Hawakunipigia kura. Walisema nina uso wa kazi hiyo. Nilikuwa na mwiko wa mbao, nikigonga nao meza, watu wananyamaza.

Sheria ilikuwa moja, na msipoielewa hii hamtaelewa yanayofuata. Mshtakiwa alitakiwa kujitetea kwa uongo. Uongo ukituchekesha, hana hatia, anakaa anakula. Akisema ukweli, ana hatia, na adhabu ni kumenya gunia la vitunguu vya siku ile.

Mtauliza kwa nini. Kwa sababu ukweli wetu ulikuwa ule ule. Basi limechelewa. Mtoto ana homa. Wamepiga simu kutoka nyumbani, kuna mgonjwa, kuna msiba. Kila mmoja alikuwa nao wa kwake, na saa kumi jioni, kabla ya kusimama masaa manane, hukutaka kusikia wa mwenzako juu ya wako. Basi tukaufanya ukweli kuwa kosa. Ilikuwa njia ya kupumzika.

Siku moja Njoro alichelewa saa nzima. Akasimama, akavua kofia.

"Jaji, mimi nilitoka mapema. Kufika pale kwa mzunguko, nikapata bata bukini wanavuka barabara, kumi hivi, pole pole kama wamelipia. Nikangoja. Yule wa mwisho akasimama akanigonga dirisha. Akaniuliza, wewe unafanya kazi wapi? Nikamwambia, kwa Temu. Akasema, basi nipe lifti, mimi ndiye meneja mpya."

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Ako kwa gari. Anasema hatoki mpaka apewe ofisi."

Mwanaidi akainuka. "Mheshimiwa Jaji, naomba mshtakiwa aulizwe: huyo bata ana kibali cha kazi?"

Bwana Temu, ambaye siku zote alijifanya hasikii, alimwaga chai kwenye shati. Nikagonga meza. Hana hatia.

Lakini kuna jambo moja sikulifikiria wakati ule, na nimelifikiria sana baadaye. Aliyehukumiwa hakumenya vitunguu peke yake. Mwanaidi aliwahi kusimama pale akajaribu kutunga uongo, ukamshinda, akasema tu, "Mwanangu hajapumua vizuri usiku kucha." Ana hatia, nikagonga. Akaenda jikoni. Haikupita dakika mbili Papa Ilunga alivuta ndoo, akakaa karibu naye, akachukua kisu. Njoro akaja. Mimi nikaja. Tukimenya, tukamuuliza mtoto anapumuaje, anatoa sauti gani, amempeleka wapi. Nikampigia binti yangu muuguzi, akamwambia la kufanya, Mwanaidi akampeleka mtoto hospitali siku ile ile. Adhabu ndiyo ilikuwa msaada wenyewe. Aliyeachiliwa alikula, tukaingia kazini, basi. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Papa Ilunga hakuwahi kushtakiwa kwa miaka mingi. Hakuchelewa. Alikuwa anakaa Columbia Heights peke yake, chumba kimoja, mke wake alikufa kabla hawajahama, binti yake Beatrisi yuko Baltimore na kazi zake mbili. Alichukua treni ya mstari wa kijani, akashuka kituo chetu, akatembea. Ungeweza kurekebisha saa kwa kumtazama.

Mara ya kwanza alichelewa nusu saa. Tulifurahi, niwaambie ukweli. Njoro alipiga makofi. "Leo mzee ameingia box." Mwanaidi akasoma mashtaka kwa sauti ya redio. Papa Ilunga akasimama kwenye kaunta na koti lake bado mwilini.

"Nilishuka ku treni," alisema. "Nikatoka inje. Nikaona ile ngazi, nikaona ile duka ya viatu. Vyote najua. Lakini mi nilikuwa sijui napita ku kuume ao ku kushoto. Nikasimama. Nikangojea mutu mwenye nitamujua apite, nimufuate. Hakupita. Njo nikafuata mwanamke mumoja ya mufuko mwekundu, juu alikuwa natembea kama mutu mwenye kujua."

"Akakupeleka wapi?" aliuliza Mwanaidi.

"Kwa nyumba yake."

Meza nzima iliangua kicheko. Njoro alikuwa anapiga kaunta kwa ngumi. "Papa Ilunga! Umefuata mama wa watu mpaka kwake!" Na Papa Ilunga akatabasamu, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na watu wakicheka alitabasamu nao. Nikagonga. Hana hatia. Akaenda kuvaa aproni.

Baada ya hapo kukawa na vitu vidogo. Chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Mbuzi aliyetiwa viungo vya samaki. Simu yake tuliikuta ndani ya friza, chini ya maharage. Tukaigeuza kuwa mzaha: mtu akitafuta kitu, tunamwambia kaangalie kwenye maharage. Na mara moja nilipokuwa natoka mwisho, nikapitisha mkono juu ya vishikizo vya jiko kama alivyonifundisha, nikakuta kimoja kiko wazi. Nilikifunga. Nilijiambia mzee kachoka. Sikumwambia mtu kwa sababu nilimheshimu, na ninyi mnaosoma, mkiona heshima yenu inawafunga mdomo, jiulizeni mara mbili kama ni heshima.

Kila Alhamisi Papa Ilunga alikwenda na gari la Bwana Temu mpaka Landover, kwenye maghala, kuchukua nyama. Ni mwendo mfupi. Alhamisi moja aliondoka asubuhi akarudi saa kumi na dakika chache, sisi tumeshakaa mezani. Nyama ilikuwa imeanza kulainika. Akasimama mwenyewe kwenye kaunta kabla hajaitwa.

"Sema, Papa," nikamwambia. "Utuambie leo ulifuata nani."

"Leo mi sikufuata mutu," alisema. "Leo njo ule uwanja wa mupira ulinifuata."

Njoro alishaanza kucheka.

"Nilitoka kwa nyama, nikauona mbele. Nikageuka. Nikauona tena mbele. Nikapita njia ingine, uko pale, mukubwa, unaniangalia. Maegesho yote haina gari, hakuna mutu. Nikasimamisha gari. Nikasema, nitangojea uende. Nikangojea sana. Haukuenda."

Nimejaribu kukumbuka uso wake wakati anasema hayo. Nakumbuka mikono. Alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni, zunguka, zunguka. Uso siukumbuki kwa kuwa nilikuwa nimefunika macho yangu kwa kucheka. Mwanaidi alisema hajawahi kusikia utetezi kama ule tangu mahakama ianze. Njoro alisema huu ni wa kuandikwa ukutani, na kweli akauandika kwa chaki kwenye ubao wa menyu, juu ya bei ya mbuzi: Uwanja ulinifuata. Wateja waliuliza maana yake wiki nzima. Nikagonga mwiko. Hana hatia, hana hatia kabisa.

Bwana Temu peke yake hakucheka. Aliingia jikoni baadaye, akaniuliza, "Mama, mzee yuko sawa?" Nikamwambia, "Mzee anatushinda sisi sote kwa utani." Nilisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayemsifu mwanawe.

Mara ya tatu hakuwa amekosa kitu. Ilikuwa Januari, theluji chafu imerundikwa kando ya maegesho. Alifika mapema, akapika wali na sombe, kisamvu cha kwao, tukakaa. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na kesi. Papa Ilunga akasukuma kiti, akaenda akasimama kwenye kaunta.

"Nina kesi," alisema.

"Nani kakushtaki?" aliuliza Mwanaidi.

"Mi mwenyewe."

Tukapenda hiyo. Tukatulia tusikie.

"Leo asubuhi niliangalia picha ya bibi yangu," alisema. Kwao bibi ni mke. "Iko pale karibu ya kitanda, siku yote. Nikamuona. Nikasema, bonjour. Nikatafuta jina yake. Nikatafuta, nikatafuta. Sikupata. Mupaka sasa sijapata."

Kulikuwa na kimya. Kifupi, cha pumzi moja. Nataka mkijue kimya kile, kwa sababu kitawapata na ninyi kazini, na mtakuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Macho yake yalikuwa kwangu. Si kwa Njoro, si kwa Mwanaidi. Mimi nilikuwa jaji.

Njoro akasema, "Papa, sisi wengine tunatafuta namna ya kusahau majina ya wake zetu, wewe umepewa bure." Watu wakacheka, na kicheko kilinipa nafuu, nikakishika kama mtu anayeteleza anavyoshika ukuta. Nikagonga meza.

"Hana hatia."

Alibaki pale kidogo amesimama, kama mtu aliyeambiwa foleni imefungwa. Halafu akasema, "Merci, Jaji," akarudi kwenye sahani yake. Hakula.

Wiki iliyofuata, Jumanne, saa tisa na nusu hakuwepo. Saa kumi hakuwepo. Tukapasha chakula cha jana, tukakaa tukimngoja, na tulikuwa tunacheka. Njoro alisema leo atatuambia ni jengo la bunge limemfuata. Mwanaidi alisema hapana, ni yule mwanamke wa mfuko mwekundu ameamua kumfuata yeye. Nilikuwa nimeshashika mwiko tayari. Simu ya baa ikalia, Bwana Temu akaenda kupokea, akarudi ameshika ukingo wa meza.

Papa Ilunga alikuwa ametoka kwake asubuhi, na kandambili na soksi, bila koti. Alipanda treni, akapanda mabasi, hakuna anayejua mangapi. Dereva mmoja wa basi alimkuta Landover, amekaa kwenye kituo karibu na ule uwanja, miguu ndani ya theluji iliyoyeyuka. Hakuweza kusema anakokaa. Lakini chini ya sweta alikuwa amevaa aproni ya kazi, na kwenye aproni kuna jina la baa. Alikuwa anakuja kazini.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikupona. Mengine mnayajua, au mtayajua kwa wazee wenu. Daktari alimwambia Beatrisi kwamba ule ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza zamani, na kwamba hata kama angeletwa mapema usingesimama, lakini kuna dawa za kuuchelewesha, na kuna mipango watu hufanya wakiwa bado wanajijua. Wanachagua wenyewe watakaa wapi, na nani. Wanaaga. Yeye hakupata kuchagua.

Beatrisi alikuja baa kuchukua vitu vyake: viatu vya jikoni, redio ndogo, kisu chake mwenyewe kilichofungwa kwenye kitambaa. Sisi tulisimama kama watoto walioitwa kwa mwalimu. Aliusoma ule ubao wa menyu. Maneno ya Njoro yalikuwa yamefutwa lakini chaki ilibaki kivuli.

"Mlikuwa naye kila siku," alisema. "Mimi nilimwona Jumapili, na Jumapili alijikaza. Hamkuona kitu?"

Njoro aliingia stoo akajifungia. Mimi, ambaye nina jibu kwa kila mtu, niliangalia viatu vyangu. Tungesema nini? Kwamba alituambia? Kwamba alitafuta mahali pa kusemea, na mahali pekee alipokuwa napo palikuwa pale, mgongo wake kwa kaunta, mbele ya watu waliokubaliana kutoamini? Mimi nadhani alichagua pale kwa makusudi. Alijua aliyesema ukweli hupelekwa jikoni, na watu humfuata na visu vyao wakamuuliza, "Enhe, tangu lini?" Alikuwa anaomba kuhukumiwa.

Mahakama haikukaa tena. Mwanaidi aliniuliza mara moja, "Bibi, leo hakuna kesi?" Nikauchukua ule mwiko nikautumia kukorogea ugali, na ndiyo ikawa mwisho wake. Tukawa tunakula kila mtu na simu yake kama watu wa baa nyingine. Miaka michache baadaye Bwana Temu aliuza. Sasa pale wanauza maji ya matunda, na ile meza ndefu sijui ilikwenda wapi. Magoti yangu yaliniambia basi, nami nikakubali.

Sikuambii uache utani kazini, Mkamburi. Kazi hii bila utani ni sinki na miguu kuuma. Cheka. Lakini mtu akikuchekesha, ukimaliza kucheka, mfuate jikoni umuulize tangu lini. Kama ulikuwa utani atakucheka wewe. Hiyo si hasara.

Alhamisi huwa ninakwenda kumwona Papa Ilunga. Yuko kwenye nyumba ya wazee, si mbali na kwetu, basi moja tu. Hanijui. Ananiita maman, lakini na wahudumu wote anawaita maman. Mimi humpelekea vitunguu vichache, kwa sababu niligundua mikono yake haipendi kukaa bure. Kisu hawaruhusu. Anamenya kwa kucha.

Alhamisi iliyopita nilimkuta amekaa dirishani, amejifunga kitaulo kiunoni kama aproni. Aliponiona akashtuka, akajaribu kusimama.

"Pardon," alisema. "Nimechelewa. Nilipotea njia."

Niliweka mfuko chini. Kulikuwa na meza ndogo ya dawa kando yake. Nikaigonga kwa vidole, mara tatu, kama zamani.

"Una hatia, Papa Ilunga," nikasema. "Vitunguu."

Aliniangalia usoni. Kisha akakaa, akanyoosha mikono yote miwili, nikampa. Alimenya cha kwanza, taratibu, ganda baada ya ganda, akauacha mzizi mwisho. Cha pili vile vile. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikamuuliza, "Tangu lini unapotea?"

"Siku mingi," alisema. "Siku mingi, maman."

"Pole."

Akaendelea kumenya. Kufika cha tatu akasimama, akaniangalia tena, na ile sauti yake ya chini ikatoka kama ilivyokuwa jikoni.

"Na wewe? Kesi yako ni nini?"

Hakuwa na njia ya kujua anachouliza. Lakini aliuliza, nami nilikuwa nimebeba jibu miaka yote.

"Mtu mmoja aliniambia ukweli mara tatu," nikamwambia. "Alikuwa rafiki yangu. Nilicheka, nikamwachilia aende, akapotea."

Papa Ilunga alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Halafu akaanza kucheka. Kicheko chake kile cha zamani, cha tumboni, mpaka mhudumu akachungulia mlangoni. Akainua kile kitunguu, akagonga nacho mkono wa kiti.

"Hana hatia," alisema.

Ninyi mnaijua sheria yetu, nimeshawaambia. Mnajua maana yake ni kwamba hakuniamini.

Mfukoni vilibaki vitano. Nikavimimina mapajani mwangu, nikaanza kumenya.